Naomba ushauri: modeli ya reli ya msituni ya Čierny Balog, Slovakia

Habari zenu wakuu. Nataka kujenga modeli ya Čiernohronská železnica, reli nyembamba ya milimita 760 iliyokuwa ikisomba magogo katikati ya Slovakia. Ilifungwa mwaka 1982, wapenzi wake wakaipigania, na tangu 1992 inabeba watalii. Kilichoniteka ni pale Čierny Balog: reli inapita katikati ya jukwaa la mashabiki na uwanja wa mpira. Mechi inaendelea, garimoshi linapita mbele ya watazamaji likifuka moshi! Sehemu hiyo lazima iwepo, hata nikikosa nafasi ya kituo.

Ubao wangu ni sentimita 180 kwa 60. Nimeamua kipimo cha 1:87 kwa reli ya milimita 9, maana jukwaa, viti na watu vitaonekana vizuri, na reli ya upana huo inapatikana kirahisi kwa kuwa ndiyo ya kipimo cha N, aina ya modeli ndogo za treni inayotumika sana.

Shida ni kona. Nikitaka treni izunguke, nusu kipenyo hakitazidi sentimita 27 hivi, na nahofia injini ya mvuke yenye ekseli nne itaacha reli. Au niachane na mzunguko, treni iende na kurudi tu, nyuma nipande misonobari? Moyo wangu uko huko, ila watoto wanapenda treni isiyosimama.

Waliowahi kujenga reli nyembamba, kona yenu ndogo kabisa ilikuwa ngapi? Na misonobari mingi mliitengenezaje bila gharama kubwa?