Mjadala: Mbegu iliyosajiliwa, mkulima ampe jirani au asimpe?

Mwongoza mjadala: Tanzania iliingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, Novemba 2015, kwa mkataba wa 1991. Kenya imo tangu 1999, kwanza kwa mkataba wa zamani wa 1978, kisha tangu 2016 kwa huo wa 1991. Chini ya mkataba wa 1991, aina ikishasajiliwa, mgunduzi, yaani aliyeitengeneza aina hiyo, anaweza kuzuia isizalishwe wala kuuzwa bila ruhusa yake kwa miaka 20, au 25 kwa miti na mizabibu. Je, anayempa jirani debe la maharage ya aina hiyo ahesabiwe mkosaji?

Wakili wa Vijijini: Wakuu, tusichanganye sheria mbili za Tanzania. Sheria ya Mbegu ya 2003 ni ya ubora: TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, wanakagua shamba, wanapima maabara, wanatoa lebo. Sheria ya wagunduzi ya 2012 ni ya umiliki. Unaweza kuvunja moja bila kuigusa nyingine.

Maharage ya asili hayana mwenye kukushtaki, na hakuna kampuni inayoweza kuyasajili kihalali. Aina inayosajiliwa lazima iwe mpya, itofautiane na zote zinazojulikana, miche yake ifanane, na isibadilike kizazi hadi kizazi. Upya nao una kipimo: isiwe imeuzwa nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi. Maharage yaliyozunguka magulioni miaka 30 hayapiti hapo.

Kwa aina iliyosajiliwa, mkataba wa 1991 hauyagusi matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Nchi inaweza pia kumruhusu mkulima arudishie mavuno yake shambani mwake mwenyewe, kwa kiasi. Jirani hatajwi. Debe letu limeangukia kwenye pengo hilo.

Punje: Mimi natetea wagunduzi. Kupata aina ya maharage unachavusha kwa mkono, unachagua mche mmoja mmoja vizazi sita au saba, kisha unajaribu kanda mbalimbali kwa misimu kadhaa. Si kazi ya chini ya miaka 8. Halafu mkulima ananunua kilo mbili mara moja tu, basi.

Mahindi chotara yanajilinda. Ukirudishia punje zake, mwaka wa pili shamba linachanganyika: mrefu kando ya mfupi, mbelewele zinatoka siku tofauti, magunzi hayajai. Mwenyewe utarudi dukani. Maharage na mpunga hujichavusha, hivyo mbegu ya mwaka wa tano ni ileile ya mwaka wa kwanza. Ndiyo maana wawekezaji wamejaa kwenye mahindi na mboga, maharage wanayakwepa. Bila mirabaha, yaani malipo ya mgunduzi kwa kila mbegu inayouzwa, nani atayashika?

Mama Shamba: Ndugu Punje, umesema kweli, na hapohapo umetuonyesha uzito unamwangukia nani. Kama chotara linajilinda, basi makali ya sheria yanabaki kwa maharage, mpunga na muhogo, yaani chakula cha nyumbani. Na aina nyingi za mazao hayo zimetoka taasisi za umma kama TARI, ile ya utafiti wa kilimo, kwa kodi yetu. Mkulima amelipia utafiti, analipia mfuko, kisha aogope kumpa shemeji yake kisado? Hilo silikubali hata kidogo. Mirabaha ikatwe kwa anayefunga mifuko na kuuza. Anayegawa kwa mkono aachwe.

Mkaguzi Mstaafu: Mama Shamba, kwenye mirabaha niko nawe. Kwenye kugawa ovyo, hapana. Maharage yenye ugonjwa wa chule unaweza kuyaona masafi kabisa, ugonjwa ukatokea ganda linapoanza kujaa: madoa meusi yaliyobonyea, ukingo mwekundu. Pingili za muhogo ni mbaya zaidi, magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia husafiri nazo.

Anayetaka kugawa atenge kipande chake mapema. Ang'oe miche yenye dalili kabla ya maua, asingoje mavuno. Akaushe kwenye turubai, si kwenye udongo, ahifadhi kwenye mfuko wa kinga njaa, ule usiopitisha hewa, bungua wasiingie. Kabla ya kugawa, ahesabu punje 100 bila kuchagua nzuri, azifunge kwenye kitambaa kibichi, ahesabu zilizoota siku ya saba. Zikiwa chini ya 80, zipikwe.

Mwana wa Machakos: Huku kwetu Kenya mjadala huu ulifika kortini. Sheria ya mbegu iliyorekebishwa 2012 iliweka adhabu ya kifungo hadi miaka miwili au faini hadi shilingi milioni moja kwa kuuza mbegu isiyothibitishwa. Wakulima 15 wakaenda Mahakama Kuu, na mwishoni mwa 2025 vifungu vilivyowazuia kutunza na kugawana mbegu vikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge lilinde umiliki wa mbegu za asili. Tanzania mna kifungu kama hicho?

Wakili wa Vijijini: Kwenye Katiba hatuna. Tulicho nacho ni mbegu za daraja la kuazimiwa: mkulima au kikundi kinajisajili TOSCI, kinakaguliwa, kinauza ndani ya eneo lililowekwa. Ni njia nzuri.

Mama Shamba: Na kama aina yenyewe ina mwenyewe?

Wakili wa Vijijini: Hapo ndipo vikundi vinakwama. Usajili wa TOSCI si ruhusa ya mgunduzi. Kikundi kinakaguliwa, kinavuna tani, kisha mwenye aina anatokea na madai. Kabla ya kununua mbegu za msingi, zile za kuzalishia mbegu za kuuza, ulizeni aina hiyo imesajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa ya taasisi ya umma, ombeni kibali cha maandishi kinachotaja zao, jina la aina, kiasi cha kuzalisha, misimu mingapi na mrabaha kwa kilo kama upo. Maneno ya mdomo ya bwana shamba hayatoshi, hata kama ni yeye aliyewaletea mbegu.

Punje: Kibali hicho kikitolewa bila malipo kwa vikundi vya kijiji, mimi sina pingamizi. Wafunga mifuko ndio nawadai.