Mrejesho: Fortnite kwa mtoto wa miaka 9

Wakuu, niliuliza kama Fortnite, gemu la mtandaoni, inamfaa mtoto wa miaka 9. Ahsanteni kwa michango. Jibu fupi: lile gemu kuu la kupigana risasi (Battle Royale), bado kidogo.

Alama ya PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga magemu kwa umri, ni 12, na ESRB, wanaofanya kazi hiyo Marekani, wameipa T, yaani miaka 13 kwenda juu. Ukitazama raundi nzima, risasi ni nyingi lakini damu hakuna: aliyetolewa anamulikwa na droni ndogo, kisha anatoweka. Kwa hiyo shida kubwa si bunduki. Ni maongezi na manunuzi. Alama ya ESRB haipimi wanachoambiana wachezaji mtandaoni, na hapo ndipo wazazi wengi tunapoteleza: tunasoma namba, tunamkabidhi mtoto hedifoni.

Kosa jingine ni tarehe ya kuzaliwa. Ukiweka ya kwako kwenye akaunti ya mtoto, mfumo unamhesabu mtu mzima na ulinzi wa watoto hauwaki. Weka ya kweli. Halafu fungua sehemu ya udhibiti wa wazazi, tunga PIN ya tarakimu 6 (isiwe tarehe yake ya kuzaliwa, ataibuni mara moja), zima maongezi ya sauti na ya maandishi, kisha manunuzi na maombi ya urafiki yadai PIN hiyo. Usisahau kushusha kiwango cha umri cha maudhui, maana kila kisiwa (gemu dogo ndani ya Fortnite) kina alama yake; LEGO Fortnite, kwa mfano, ni PEGI 7. Ndiyo anayocheza sasa, sebuleni, sauti ikitoka kwenye runinga.