Meza za sigara karibu na shule: tuhesabu wauzaji, tupime umbali, ao tubadilishe barabara?

Katuba_Moja
Wandugu wa Lubumbashi, hapa Kongo, komine (serikali ya sehemu ya mji) ikitaka kupunguza uuzaji wa sigara, ianzie wapi? Naona njia tatu.

Kwanza, kikomo cha wauzaji. San Francisco, Marekani, walipitisha sheria mwaka 2014: kila moja ya wilaya zao 11 isizidi leseni 45. Mwenye leseni hakunyang'anywa. Duka likifungwa, leseni inakufa nalo. Philadelphia, Marekani pia, walifuata idadi ya watu, muuzaji mmoja kwa wakaaji 1,000.

Pili, umbali. Miji hiyo miwili haitoi leseni mpya ndani ya futi 500 kutoka shuleni, karibu mita 150.

Tatu, barabara yenyewe. Bolzano, Italia, walianza mwaka 1989 kufunga barabara za shule saa za kuingia na kutoka. Waliwaza usalama wa watoto, si tumbaku, lakini meza hufuata fasi watu wanaposimama.

Mimi nachagua ya pili pamoja na ya tatu. Ya kwanza siiamini, maana hapa kwetu nani ana leseni ya sigara? Kijana anatembea na sanduku shingoni, humo mna pipi, biskuti, kiberiti na sigara.

Mwalimu_Rwashi
Papa, hilo sanduku ndilo lenyewe. Wanafunzi hawanunui paketi. Wananunua moja, wanavuta watatu nyuma ya ukuta. Kenya (nchi, si komine yetu yenye jina hilo) ilikataza sigara moja moja kwa sheria ya mwaka 2007, Uganda mwaka 2015. Nasi tumo katika Mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku tangu 2005. Kifungu cha 16 kinataka nchi zijitahidi kukomesha uuzaji wa moja moja, na kinawagusa watoto pande mbili: wasiuziwe, na wasiuze. Upande wa pili tunausahau kabisa. Wengi wanaobeba masanduku hayo ni watoto wa umri wa kukaa darasani.

Mama_Meza
Mimi nauza kando ya soko ya Kenya. Sigara haina faida kubwa, lakini inaleta mtu. Anakuja kwa moja, anaondoka na mukate na yuniti ya simu. Mukikataza moja moja, munanikatia wateja wa sukari na wa unga pia.

Umbali naukubali, nitasogea hata kesho. Ila mutapima kutoka wapi, mulangoni ao ukutani? Kuna shule lupango yake (kiwanja chake) inashika avenyu mbili. Zingine ziko ndani ya nyumba ya mutu, hata kibao hazina. Mita 150 kutoka kila shule, pale Kenya na Katuba, hakuna fasi itabaki.

Fundi_Avenyu
Mama amegusa pagumu. Shule zikikaribiana hivyo, kanuni ya umbali inageuka kuwa katazo la mji mzima, na katazo lisiloshikika linampa kila mwenye kofia sababu ya kuomba pesa mezani. Mimi ningesema mita 50, zihesabiwe kutoka mlangoni, kwa kufuata njia watoto wanayopita.

Kisha barabara. Kwenye avenyu zetu nyingi mfereji uko wazi, na kati yake na lami kuna kipande cha udongo. Meza zinakaa hapo. Mtoto anashuka kwenye lami, katikati ya teksi na pikipiki. Mfereji ufunikwe kwa mabamba ya zege, ugeuke njia ya miguu. Mabamba yawe ya kufunguka, maana mvua ya Novemba hadi Machi inaleta mchanga na lazima uchotwe. Mlangoni pa shule pawe na tuta pana la kuvukia, lililo sawa kwa kimo na njia ya miguu, na nguzo fupi pembeni ili gari lisipande. Kipande cha udongo kikiisha, meza haina pa kukaa, na hakuna polisi wa kulipwa asimame pale kutwa.

Kamalondo_Kwetu
Mwenye mada ameiacha njia ya kwanza mapema mno. Leseni hakuna, lakini anayepita kukusanya kodi ya meza anaijua kila meza. Komine iandike wanaouza sigara leo, hao waendelee, mpya asiongezwe. Ndivyo San Francisco walivyofanya. Kizuizi kiko kwingine: komine inategemea kodi hiyo, na kila meza inayopungua ni pesa inayopungua. Bourgmestre, mkuu wa komine, aeleze kwanza pengo hilo litazibwa na nini.

Katuba_Moja
Basi tuunganishe: orodha kwa kodi ya meza, mita 50 za fundi, na avenyu moja ya shule ijengwe kwanza tuone. Watoto wa masanduku wasiandikwe kwenye orodha hata mmoja. Juu ya moja moja niko upande wa mwalimu, ila wenye meza wapewe mwaka mzima wa kutafuta bidhaa nyingine.

Mama_Meza
Mwaka nitaupokea. Lakini mimi na jirani yangu tukatazwe siku moja. Asibaki hata mumoja anauza kwa sababu anajua mutu ofisini.