"Hiyo si faini, ni huduma": hawa jamaa wa magari ya kukodi wamenitukana mchana kweupe

Tairi Bovu (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu. Naandika mkono unatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Hawa jamaa mnawajua. Siwataji, msije mkasema nawachafua, lakini mnawajua. Wale ambao foleni ya kaunta yao pale uwanja wa ndege haiishi. Wanaokuchekea mpaka uweke sahihi, ukishaweka hawakujui tena.

Nilikodi gari kwao uwanja wa ndege wa Malpensa, Italia, miezi mitatu iliyopita. Kigari kidogo kama kiatu cha mtoto. Naenda Como. Ramani ya simu ikaniingiza barabara inaitwa A36. Safi, imenyooka, raha tupu. Sasa mimi barabara za kulipia za Italia nazijua: unaingia unachomoa tiketi, unatoka unalipa. Hapa natafuta mashine ya tiketi, siioni. Natafuta geti, silioni. Naona chuma tu kimekatiza juu ya barabara, kimejaa kamera. Nikajisemea, watu wa huku waungwana, wametuachia tupite bure.

Kumbe zile kamera ndiyo geti lenyewe! Zinapiga picha namba za gari, halafu unatakiwa uingie mtandaoni mwenyewe ulipe ndani ya siku 15. Nani aliniambia? Hakuna. Kijana wa kaunta alipata dakika 20 nzima za kunihubiria bima ya kioo, bima ya tairi na bima ya mawe yanayoruka, ila "A36" haikumtoka mdomoni.

Leo asubuhi meseji ya benki inaingia. Nimekatwa yuro 48. Arobaini na nane! Na tozo yenyewe ya kile kipande haifiki hata yuro 5. Nikapiga simu, nikapigiwa kinanda dakika 40, mwisho akapokea dada mmoja sauti tamu kama anabembeleza mtoto. Nikamuuliza, dada, hii faini ya nini? Akanijibu taratibu:

"Hiyo si faini, bwana. Hiyo ni huduma."

HUDUMA.

Huduma gani? Akasema wenye barabara waliwauliza gari lilikuwa na nani, nao wakatoa jina langu na anwani yangu. Yaani wamenichongea, halafu wananidai ujira wa kunichongea! Nikajikaza, nikasema haya, angalau deni la barabara limekwisha. Akasema hapana bwana, la barabara utaletewa barua yako. Hii ni ya huduma tu.

Tangu hapo sijafanya kazi yoyote. Mtoto kaniomba nimfunge kamba za viatu, nikamwambia mwanangu hii si bure, ni huduma. Mama yake kaniangalia kama nimerogwa.

Si faini. Ni huduma. Na ile sauti tamu! Angenifokea nisingeumia hivi.

Gia ya Nne

Siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.

Mzee wa Kona

Mleta mada, mkataba ulisoma?

Tairi Bovu

Mkuu ni kurasa 11 za herufi ndogo kama sisimizi. Nani anasoma?

Mzee wa Kona

Basi tulia. Ada ya kushughulikia tozo na faini imo humo, na uliiwekea sahihi kwa mkono wako. Na mabango ya ile barabara yapo, wewe ulikuwa unaangalia milima.

Bibi Ramani

Mwanaume mzima unalilia yuro 48? Mimi Uswisi walininyoa bila maji. Kule hakuna tiketi, ni stika ya kioo cha mbele. Faranga 40, ya mwaka mzima, hata kama unapita nusu saa tu unaondoka zako. Nikachukua gari uwanja wa ndege wa Geneva. Nikawaza, Geneva si ndiyo Uswisi, stika itakuwepo. Kumbe uwanja ule una upande wa Ufaransa, na kaunta yangu ilikuwa upande huo kwa sababu ndiko kulikokuwa na bei rahisi. Gari lina namba za Ufaransa, stika hakuna. Sijamaliza hata wimbo wa kwanza kwenye redio, polisi huyu hapa. Faranga 200, na stika juu yake ninunue. Wewe umetukanwa kwa sauti tamu, shukuru.

Kipaza

Tiketi za Italia mnazisifia? Shemeji yangu aliitupa dirishani akidhani risiti. Kule ukipoteza tiketi na huna ushahidi ulipoingilia, unahesabiwa umetoka geti la mbali kuliko yote. Nimetoka Bologna naenda Modena, hapo na hapo, nikalipa kama niliyeivuka nchi nzima. Nikamaliza kulipa, mashine ikaniambia kwa uchangamfu: "Arrivederci!", yaani kwaheri ya kuonana. Mpaka leo nikilisikia hilo neno damu inachemka.

Nimo Tu

Kipaza una nafuu. Mimi niliingia njia ya njano, ile ya wenye kidude cha Telepass kinacholipa tozo chenyewe. Chuma hakinyanyuki. Nyuma malori matatu yanapiga honi, na kurudi nyuma pale ni kosa kubwa. Nikabonyeza kitufe cha msaada, ikaja sauti ya Kiitaliano, kila ikiuliza naitikia "si, si", yaani ndiyo, ndiyo. Ikatoka karatasi, chuma kikanyanyuka, nikapunga mkono kwa furaha. Nimefika hotelini najisifu, mhudumu kaisoma akacheka. Haikuwa risiti, lilikuwa deni, nilipe ndani ya siku 15.

Gia ya Nne

"Si si" ndiyo iliyokuponza 😂😂

Tairi Bovu

Wakuu turudi kwenye mada. Huyu dada alisema, namnukuu, HIYO SI FAINI...

Mzee wa Kona

Tumesikia, Bwana Huduma.

Lami Moto

Bwana Huduma 😂 jina limekaa hilo.

Ila niwaambie, kiboko yao ni Dublin, barabara ya M50. Mageti waliyang'oa tangu 2008, ni kamera tu, na mwisho wa kulipa ni saa mbili usiku ya kesho yake. Nikakumbuka nikiwa mezani na wakwe. Nikakimbilia chooni na simu, nikalipa saa mbili kasoro dakika nne, jasho linanitoka. Kesho yake narudisha gari, kaunta wananiambia "tozo ya M50 tulishakulipia, imo kwenye bili yako". Nimelipa mara mbili, na wakwe wakabaki wanajua naumwa tumbo.

Kipaza

Bora kuumwa tumbo kuliko arrivederci.

Mtoto wa Rimu

Ureno je? Walinipa gari lina kiboksi kidogo kwenye kioo. Ukikifungua kinalipa tozo chenyewe na kampuni inakudai ada ya kila siku. Ukikiacha kimefungwa unajua mwenyewe. Nikakifungua kwa ajili ya barabara ya A22 ya kule Algarve. Mwaka huu narudi naambiwa A22 ni bure tangu tarehe 1 Januari 2025. Kiboksi nimefungua, ada nimelipa, tozo hakuna.

Tairi Bovu

Hiyo si ada mkuu, hiyo ni HUDUMA.

Mzee wa Kona

Bwana Huduma kaa kwa kutulia, mwenzio anaongea.

Dereva Mgeni

Marekani ndiyo kiama. Daraja la Golden Gate hawapokei pesa mkononi tangu 2013. Nilipita mara moja tu, kampuni ikanitoza ada ya kidude cha kulipia tozo kwa siku zote tisa za mkataba, zikiwemo tano ambazo gari lilikuwa limelala. Na huko huko ndiko nilikojifunza tabia mbaya, maana pampu ya kijani kule mara nyingi ni dizeli. Nikaenda Italia, gari la dizeli, naona pampu mbili. Moja imeandikwa "gasolio". Nikasema hii si ndiyo petroli, ile Wamarekani wanayoiita "gasoline"? Nikashika ya kijani. Nikajaza tangi zima.

Bibi Ramani

Uwiii. Gasolio ndiyo dizeli!

Dereva Mgeni

Sasa mnaniambia?

Nimo Tu

Uliwasha?

Dereva Mgeni

Niliwasha, nikatembea kama kilomita tatu, likakohoa likanyamaza.

Gia ya Nne

Uzi umeanza upya hapa, nahama siti. Ulilipa ngapi?

Mtoto wa Rimu

Asingewasha wangenyonya tangi tu. Akiwasha ni pampu, nozeli, kila kitu. Na bima hailipii mafuta yasiyo yake, hata ile ya mawe yanayoruka.

Kipaza

Kwani pampu ilikuwa haina picha?

Dereva Mgeni

Mkuu ilikuwa na maandishi. Ndiyo hayo hayo maandishi yaliyoniponza. Likaja gari la kuvuta, tukarudishwa nalo mpaka Malpensa.

Tairi Bovu

Pole sana mkuu. Ulikuwa unatokea wapi?

Dereva Mgeni

Karibu na Como.

Tairi Bovu

Hilo gari la kuvuta lilipita A36?

Dereva Mgeni

Sikumbuki. Nilikaa mbele na dereva, nalia.