Naomba ushauri: kutathmini utafiti wa kimaelezo kuhusu wauguzi wa wodini

Ndugu wauguzi wenzangu, katika masomo yangu ya uzamili nimepewa rasimu ya mwenzangu niitathmini, nayo inachunguza kwa nini wauguzi wa wodini hushiriki kwa nadra katika tafiti za uuguzi. Ninatumia orodha ya CASP (Critical Appraisal Skills Programme), yaani mwongozo wa kupima ubora wa utafiti, yenye maswali 10, lakini swali la uhusiano kati ya mtafiti na washiriki limenikwamisha: aliyewahoji ndiye msimamizi wao wa wodi, na sidhani kama muuguzi angemweleza mkubwa wake kwamba ananyimwa muda wa kushiriki utafiti. Mwandishi anajitetea kuwa aliwarudishia washiriki matokeo wayathibitishe. Kwangu haitoshi, kwa kuwa woga ni uleule. Je, dosari hii inabatilisha matokeo yote, au yale tu yanayogusa uongozi?