Wakandarasi mnaoacha logi (rekodi za matukio ya mtambo) zote zimwagike kwenye konsoli, mnatutesa!

Wakuu, nimechoka na leo nasema.

Juzi saa nane usiku napigiwa simu, ofisi nzima haina mtandao. Nafika, nachomeka kebo kwenye konsoli (tundu la kuongea na mtambo moja kwa moja) ya swichi kuu (ni Cisco, inaendesha OSPF, itifaki ya kupeana njia za mtandao na mitambo jirani), maandishi yanaporomoka kama mvua ya masika. Faiba moja inakatika na kurudi. Kila ikirudi au kukatika inatema ujumbe wa LINK-3-UPDOWN, unafuata LINEPROTO-5-UPDOWN (zote za kusema laini imekatika au imerudi), halafu mkururo wa debug (ujumbe wa kina wa kutafutia hitilafu) ya OSPF ambayo mkandarasi aliiwasha siku ya kufunga mitambo, akakusanya vifaa vyake akaenda zake. Muda wote ilikuwa kimya kwa sababu faiba ilikuwa nzima.

Naandika "undebug all" kuizima, herufi zinamezwa katikati ya ujumbe. Nimeiandika mara nne bila kuona ninachoandika!

Jamani, konsoli ni biti 9600 kwa sekunde. Kila herufi inakula biti 10, kwa hiyo ni herufi 960 tu. Ujumbe mmoja una herufi kama 80, yaani kwa sekunde zinapita 12 basi. Zikija mia, prosesa inahangaika kuzisukuma kwenye kijibomba hicho badala ya kuitikia salamu za majirani wa OSPF. Ujirani unavunjika, na kuvunjika kwenyewe kunazaa ujumbe mwingine. Na IOS (programu endeshi ya Cisco) isipoguswa inapeleka konsoli ujumbe wa ngazi zote, 0 (ya hatari zaidi) hadi 7 (debug). Fundi anayelipwa hela za watu anapaswa kulijua hilo.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Nikiwa bado nahangaika hivyo, mtu akazima umeme na kuwasha. Seva ya syslog (ya kupokea na kutunza logi) haikuwekwa, kwa hiyo kila kilichoandikwa kabla ya hapo kimepotea. NTP (ya kusawazisha saa kupitia mtandao) nayo hakuna, saa ya swichi imerudi Machi 1, 1993. Sasa mwenye faiba ananiuliza ilianza kukatika saa ngapi, sina cha kumwonyesha, na bila muda hakubali kwamba kosa ni lake. Bosi ananitazama mimi.

Kazi yenyewe ni ya dakika tano! "logging console critical", konsoli ibaki na ngazi 0 hadi 2 tu. "logging buffered 64000 informational", zihifadhiwe kwenye kumbukumbu ya swichi. "logging host" ielekee seva yoyote, hata kompyuta kuukuu yenye Linux inatosha kusikiliza mlango wa UDP 514. Weka NTP na "service timestamps log datetime msec" ili kila ujumbe uwe na tarehe na saa. Kwenye line con 0 (mipangilio ya konsoli) weka "logging synchronous" ili mwenzako aweze kuandika. Ukitaka kutazama ujumbe ukiwa mbali, ingia kwa SSH upige "terminal monitor".

Ijumaa mkandarasi anakuja na fomu ya makabidhiano akitaka saini yangu. Sisaini mpaka afungue kila swichi mbele yangu, tusome "show logging" na "show debugging" pamoja, moja baada ya nyingine.