Pawa saplai mpya, UPS, au niuze nichukue mashine iliyotumika?

Mchoraji_Tabata
Wanajukwaa, salaam. Ninayo kompyuta ya mezani niliyounganishiwa na fundi kwa vipuri nilivyochagua mwenyewe: prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya picha ya RTX 3060 na RAM ya GB 32. Huitumia kuchora ramani za nyumba na kutengeneza picha zake katika programu ya Blender. Siku hizi, picha ikifika katikati, mashine inazima ghafla kana kwamba mtu amechomoa waya, kisha nikibonyeza inawaka kama kawaida. Nimetenga laki tano, na ninazo njia tatu: pawa saplai mpya (kile kifaa cha ndani kinacholisha kompyuta umeme) ya wati 650, UPS kubwa (kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika), au kuuza mashine nzima nichukue kompyuta ya ofisini iliyotumika, zile zinazoletwa kutoka Dubai. Ingekuwa ninyi, mngechukua ipi?

Fundi_Waya, Arusha
Mkuu, umetaja kila kitu isipokuwa kile kinachohitajika. Pawa saplai iliyomo sasa ni ya aina gani, na kibandiko chake kinaonyesha ampea ngapi kwenye volti 12? Umechomeka moja kwa moja ukutani au kupitia kitu kingine? Inazima hata unapoandika barua tu, au ni pale kadi inapofanya kazi nzito? Ukifungua kumbukumbu za matukio za Windows utakuta Kernel-Power namba 41, lakini hiyo isikusumbue, maana inaeleza tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu. Haisemi ni kwa nini.

Binti_Nyali
Mimi nasema UPS, na sihitaji kusubiri majibu hayo. Ila asinunue yoyote ile. UPS nyingi za bei nafuu, zinapohamia kwenye betri, hutoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa zenye PFC (sakiti inayorekebisha jinsi zinavyovuta umeme) hazipatani nayo, zinakata papo hapo. Tena watu husoma VA (volti mara ampea) wakadhani ni wati, kumbe UPS ya VA 650 kwa kawaida inabeba wati mia tatu na kitu tu.

Mchoraji_Tabata
Ahsanteni. Pawa saplai ilikuja pamoja na kasha, haina alama yoyote ya 80 Plus (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), na kibandiko kinasema wati 600. Kwenye safu ya volti 12 imeandikwa ampea 25. Nimechomeka kwenye UPS ya VA 650 pamoja na skrini mbili na spika. Inazima kwenye Blender tu.

Fundi_Waya, Arusha
Basi hesabu ndiyo hiyo. Ampea 25 mara volti 12 ni wati 300, na karibu kila kitu kizito katika kompyuta ya leo kinakula kwenye volti 12. Hizo wati 600 zimepatikana kwa kujumlisha njia ambazo huzitumii. Kadi yako peke yake ni wati 170, prosesa inaweza kufika 76, bado feni na diski, na kadi hupanda juu ya kiwango chake kwa sehemu ndogo ya sekunde, kitambo kinachotosha kuifanya pawa saplai dhaifu ijikate. NVIDIA wenyewe, waliobuni chipu yake, wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kompyuta yenye kadi hiyo, nao wanamaanisha wati za kweli. Kabla hujatoa hata shilingi, shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 70 kwa programu ya MSI Afterburner, urudie picha ileile. Kisha rudisha kikomo, chomeka moja kwa moja ukutani, ujaribu tena.

Mzee_Kontena
Vijana mnapenda kujitesa. Auze, achukue Dell au HP ya ofisini iliyotumika. Zile zimejengwa ziwake mchana kutwa, na mara nyingi hata bisibisi huhitaji kuzifungua.

Binti_Nyali
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubali. Nyingi kati ya hizo zina pawa saplai za umbo lao wenyewe na viunganishi vyao wenyewe, na ikiungua huwezi kuingia duka lolote ukachukua nyingine. RTX 3060 ataiweka wapi, wakati makasha mengi ni membamba na hayana waya wa kulisha kadi?

Mzee_Kontena
Marahaba, binti. Yapo makubwa pia, ya wahandisi. Sikusema anunue lile dogo la karani.

Mhariri_Morogoro
Naomba nieleze kilichotokea studioni kwetu, kwa sababu ndugu yetu akichagua pawa saplai mpya atakutana nacho. Tulinunua ya dhahabu, yaani 80 Plus Gold, ile ambayo nyaya zake huchomolewa. Fundi tuliyemwita alikuta nyaya za ile ya zamani zimefungwa vizuri nyuma ya ubao mama, akaona ni uvivu usio na dhambi kuziacha, akachomoa upande wa pawa saplai na kuchomeka mpya. Ziliingia bila kulazimishwa. Alipowasha, tulisikia mlio mdogo, ikafuata harufu ya plastiki, na diski mbili za kazi za wateja zikawa kimya. Upande wa diski pini zina kanuni moja kwa kampuni zote, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga itakavyo, hata toleo na toleo la kampuni moja huweza kutofautiana, kwa hiyo volti 12 ilikwenda mahali palipongoja volti 5. Diski moja iliokolewa na mtaalamu aliyebadilisha ubao wake wa chini na kuhamisha chipu ndogo yenye taarifa za diski hiyo. Ya pili ilishindikana. Fundi alidai diski zilikuwa mbovu tangu mwanzo, na duka likasema dhamana haihusu kosa la ufungaji. Kwa hiyo ng'oa nyaya zote za zamani, hata kama kuzipanga upya kutakula Jumamosi yako.

Mchoraji_Tabata
Nimejaribu. Kwa asilimia 70 picha ilikamilika, ingawa ilichelewa. Ukutani sijui niseme nini, kwa sababu umeme wa mtaa mzima ulikatika kabla picha haijafika pale inapozimia. Ila nimegundua jambo: nikigusa kasha nikiwa peku, vidole vinawashawasha.

Binti_Nyali
Mnaona? Umeme umekatika katikati ya kazi. UPS.

Fundi_Waya, Arusha
Dada, UPS haitaondoa huo muwasho. Kichujio kilicho ndani ya pawa saplai hupitisha umeme kidogo kwenda kwenye kasha, nao hutakiwa kushuka ardhini kwa waya wa ethi. Ethi isipokuwepo, mita inaweza kukuonyesha volti mia na zaidi kati ya kasha na ardhi. Ndugu, hiyo ekstensheni yako ina pini ngapi?

Mzee_Kontena
Nyumba nyingi za kupanga, soketi ina tundu tatu na nyuma kuna nyaya mbili. Amuulize mwenye nyumba kama fimbo ya ethi ilichimbiwa.

Mchoraji_Tabata
Ekstensheni ina pini tatu. Kuhusu fimbo, mwenye nyumba anasema ipo, ila hakumbuki ni upande gani wa ukuta.